Meli Zote Zirudi Bandarini

Jumatatu, 3 Machi

Kamati imeanza leo. Nimebeba trei, vikombe vikagongana njia nzima kutoka jikoni hadi ukumbini. Wakubwa wa jeshi la majini wamekuja kuamua wanunue nini miaka ijayo: meli kubwa za chuma, au zile ndege ndogo zisizo na rubani, droni. Mimi ni mama wa chai tu hapa makao makuu. Lakini jambo hili ni langu kuliko lao. Wao wanaamua vyombo. Mimi naamuliwa mtoto!

Mziwanda wangu ni mwanamaji. Juzi tu amemaliza kozi ya kurusha droni. Kozi hiyo nilimsukumia mimi mwenyewe, kwa sababu niliambiwa mrusha droni anakaa kwenye chumba chenye feni, anabonyeza bonyeza, jioni anarudi kula kwao. Hapo ndipo ninapomtaka. Wakichagua droni, atakaa chumbani. Wakichagua meli, ataondoka miezi na miezi, maji kulia, maji kushoto. Mtoto aliyekuwa akipiga mayowe akimwagiwa kopo moja la maji ya kuoga!

Nimemwambia asiwe na wasiwasi, mama yupo. Kanijibu kwamba hapo ndipo wasiwasi wake unapoanzia. Akacheka. Anacheka vizuri mtoto yule.

Ukumbini kuna pande mbili. Upande wa meli yupo kamanda mmoja shingo nene, sote tunamwita Chuma. Huyo hataki kitu kisichoweza kupigiwa saluti. Upande wa droni yupo Mhandisi, mwanamke mwembamba anayepakata kompyuta yake kama kichanga. Kasema kwa gharama ya meli moja utapata droni za kufunika anga. Chuma kamuuliza mvua ikinyesha atakwenda kuzianua? Kati yao kakaa Bwana Hazina, anayetoa fedha. Yeye hataki chochote. Mwenyekiti ni admirali mstaafu. Anataka sukari nyingi, na mkewe asijue.

Mpango wangu: Mhandisi apate chai ya moto sana na biskuti za juu. Chuma apate ya vuguvugu, kwenye kikombe chenye ufa. Tuone atatetea meli kwa nguvu gani.

Jumanne, 4 Machi

Mpango umekwenda kombo. Chuma kaonja ile chai, akafumba macho, akasema hatimaye jeshi hili limepata mtu anayejua kwamba meno yake hayapatani na moto. Kanisifu mbele ya wote! Mhandisi kaunguza ulimi kwa chai yangu nzuri. Asubuhi nzima kakumbatia glasi ya maji, na meli zikasifiwa bila mpinzani. Mungu nisamehe.

Lakini leo nimeiona meza. Katikati ya ukumbi wametandika kitambaa cha buluu, ndiyo bahari. Vimeli vya mbao ndiyo meli. Vifungo vyekundu vya shati ndiyo droni. Wanacheza vita! Watu wazima, wana wajukuu! Na Mwenyekiti kaweka sheria anayojivunia kuliko medali zake. Asubuhi kila chombo kinachezwa pale pale kilipokutwa, na ni marufuku kuuliza nani kakisogeza. Eti adui naye haombwi maelezo.

Wao wakiondoka, tunaobaki na meza ni wawili. Mimi napangusa vumbi kwa brashi ya manyoya. Mama Welda wa usafi anapiga deki. Tunamwita hivyo kwa sababu mwanawe ni fundi wa kuchomelea katika karakana ya meli, na hana habari nyingine mdomoni. Anaziombea meli mchana kutwa. Kaniambia droni ni feni iliyotoroka darini. Nikamwambia meli ni sufuria iliyokosa jiko. Tukanuniana. Baadaye nikampa biskuti, lakini ile iliyovunjika.

Basi nikawa napangusa. Kimeli kimoja, chenye bomba jeusi, kilikuwa kimesimama peke yake katikati ya bahari. Mbali na kila kitu! Nikamwona Mziwanda wangu juu yake, bila sweta.

Nimekisogeza. Kidogo tu. Mpaka bandarini. Halafu nikaviona vile vingine vimebaki huko nje, na vyenyewe vina mama zao. Nikavirudisha vyote. Vimepangana vizuri, ubavu kwa ubavu, kama vikombe kabatini. Nimekwenda nyumbani nikiimba.

Jumatano, 5 Machi

Tafrani! Wameingia, wakaiona bahari tupu, wakaduwaa. Hakuna ruhusa ya kuuliza! Chuma kamkata jicho Mhandisi, kama kwamba kazitisha meli zake usiku. Mhandisi kaguna, kama kwamba Chuma kaogopa. Bwana Hazina peke yake ndiye aliyechangamka. Kasema meli iliyofungwa gatini hainywi mafuta, na tangu azaliwe hajaona mkakati mzuri kama huu. Kaomba chai ya pili. Hajawahi!

Moyo wangu ukaruka. Meli zimelala, droni zitapanda. Mwanangu namwona kabisa ndani ya chumba, feni inampuliza.

Kasoro moja: droni zenyewe hazijai hata kiganja. Zimetawanyika kwenye kitambaa kama zimedondoka kwenye shati la mlevi. Na mume wangu ni fundi cherehani. Ana mkebe mzima wa vifungo.

Jioni nilikaa karibu na mkebe huo muda mrefu. Baba watoto kaniuliza kama leo tunakula au vita bado havijaisha, maana nimemwambia mambo ya kamati tangu mlangoni na jiko halijawashwa. Nimemwambia anyamaze, hajui ninachomfanyia mwanawe. Kasema anajua, ndiyo maana anauliza. Alipogeuka nikachota konzi moja ya vifungo vyekundu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefika kabla ya wote na kuimwagia bahari droni. Imependeza kweli!

Kumbe ndani ya konzi kulikuwa na kifungo kikubwa cha koti, chekundu, matundu manne. Sikukiona mpaka wamekaa. Chuma kakiona, shingo ikafura. Kakielekezea kalamu, mdomo wazi, akakumbuka sheria, akaufunga. Wote wakamgeukia Mhandisi. Maskini, naye ndiyo kwanza anakiona! Lakini yule mama si wa kushindwa. Kasimama, kavuta pumzi, kaeleza sifa za droni hiyo kubwa mpaka chai ikapoa. Inakwenda mbali. Inaona gizani. Inabeba nyingine ndogo. Bwana Hazina kauliza ni ya bei gani, akaambiwa ni nafuu sana. Hapo hakukosea.

Kuna doa la chai upande wa kaskazini, lilinidondoka Jumanne. Meli na droni zote wanazipitisha pembeni yake. Wanadhani ni kisiwa.

Nyumbani mambo si mazuri. Bwana harusi mmoja kaja kuchukua koti lake jekundu, halina kifungo cha kati! Baba watoto kapindua kiwanda kizima, katambaa chini ya cherehani, kavua hadi viatu akikitafuta. Kaniuliza kifungo kitakuwa kimekwenda wapi. Nikamwambia labda kimeruka. Sikusema uongo.

Ijumaa, 7 Machi

Loo! Loo! Loo!

Leo Mwenyekiti mwenyewe kacheza adui. Katoa njiti moja ya kiberiti mfukoni, akasema hili ni kombora. Akaizungusha juu ya bahari, akitafuta meli. Bahari tupu. Akaishusha taratibu bandarini, pale nilipopanga vimeli vyangu ubavu kwa ubavu. Kisha kwa mkono wa koti lake akavifagia vyote hadi sakafuni. Vyote! Njiti moja! Nilikuwa nimeshika chupa ya chai. Nikahisi nimezama nayo.

Ukumbi ukalipuka. Chuma kagonga meza, kasema meli zisifungwe tena bandarini zikisubiri kuchinjwa, ziwe zinatembea, kila moja kivyake. Mhandisi naye alikuwa na msiba wake. Droni zake ni nyingi mno sasa, lakini zikiondokea nchi kavu hazifiki hata kwenye kisiwa. Ndiyo, doa langu. Zikafia njiani. Wakatazamana, Chuma na Mhandisi, kwa mara ya kwanza wiki nzima. Chuma kasema kwa sauti ndogo kwamba meli ina mgongo mpana. Mhandisi kasema droni hazina uzito. Mungu wangu, wale watu karibu wakumbatiane!

Shauri limekatwa. Zitajengwa meli za kubeba droni. Zitakuwa baharini wakati wote. Na warusha droni wote watapanda humo humo. Wakati zikijengwa, meli ya zamani, ile ya kweli yenye bomba jeusi, itafungwa mitambo na kuondoka wiki ijayo. Bwana Hazina katia saini huku akiugua kama anayeng'olewa jino.

Mwenyekiti kawapongeza. Kasema bila yule aliyezirudisha meli bandarini, wasingeiona hatari hiyo. Kila mmoja akatabasamu chini chini, kama kwamba ni yeye.

Mama Welda kacheza ukumbini na ufagio wa deki. Meli zimezama zote, basi zitajengwa mpya, mwanawe hatakosa kazi mpaka ndevu ziote mvi! Kanikumbatia na maji yake yote. Kaninong'oneza kwamba aliniona Jumanne, na alinyamaza kwa kuwa alijua mkono wangu una heri. Heri kwa nani, shoga?

Nyumbani nikamkalisha Mziwanda, nikamshika mikono, nikamwambia kwa machozi kwamba wanampeleka baharini. Kapiga ukelele, nikadhani kazimia. Kumbe furaha! Kaninyanyua mzima mzima, mwili wangu huu, kanizungusha jikoni mpaka kanga ikafunguka. Anasema ameomba meli tangu wiki ya kwanza ya kozi. Alikuwa hathubutu kuniambia, akihofia nitakwenda kuzungumza na wakubwa wake. Mimi? Nizungumze na wakubwa? Ningethubutu vipi?

Nimelia, nimecheka. Sijui kipi kilitangulia.

Jumapili, 16 Machi

Ameondoka leo asubuhi. Gati limejaa akina mama. Nimempelekea masweta, dawa ya kifua, soksi za sufu na ndoo ya kutapikia yenye mfuniko. Mkuu wa meli kaitazama ndoo, kanitazama mimi, kapiga saluti. Sijui alisalimia ndoo au mimi.

Mziwanda kasimama kwenye ngazi ya meli, magwanda yamemkaa utadhani kazaliwa nayo. Baba yake ndiye aliyeyapunguza kiuno. Ndani ya mfuko wa kifua kamshonea kifungo kikubwa chekundu, matundu manne. Bwana harusi kabadilishiwa vyote, kavaa vyeusi, na kasema vinampendeza zaidi. Nilikuwa nimekirudisha kifungo kimya kimya, chini kabisa ya mkebe. Baba watoto kaninong'oneza kwamba kimerudi kimechoka, kinaonekana kimetoka vitani. Hakusema zaidi. Nimemkanyaga mguu kwa mapenzi.

Mwanangu kanikumbatia, akaniapisha sikioni. Nisiguse tena meli yoyote ya ile meza. Nani kamwambia? Nikamtazama Mama Welda, aliyekuja kunisindikiza. Mama Welda akawa anatazama ndege angani.

Nimeapa. Meli yoyote ya mbao, sitaigusa. Nimeapa mkono kifuani, na ninaposema jambo ndiyo nimelisema.

Meli ikapiga honi. Mziwanda akapunga mikono yote miwili, meno nje, anang'ara mtoto yule! Nikapunga kitambaa cha kufutia vikombe. Nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakatika, na Mama Welda akaniendelezea. Baba watoto alisema ana vumbi jichoni. Vumbi, katikati ya maji!

Jumatatu, 17 Machi

Kamati imerudi. Sasa wanazungumzia nyambizi.

Mziwanda kapiga simu mapema. Yu mzima, hajatapika hata kidogo. Ndoo wanafulia soksi, meli nzima inamshukuru mama yake. Mkuu wake kamsifu, kasema katika warusha droni wote yeye ndiye hodari. Nimeringa nayo jikoni nzima. Mama Welda kanipa mkono.

Kisha nikaingiza chai. Nikasikia Mhandisi akisema nyambizi nazo zitarusha droni, na watakaohamishiwa humo ni wale hodari.

Nikauliza, hivi hivi, kama mtu anayeuliza sukari, nyambizi ni kitu gani. Mwenyekiti kanionyesha kwa upole. Ni kidude cheusi, umbo la ndizi. Hakikuwa hata mezani. Wamekiweka kwenye rafu ya chini ya meza, kwa sababu hapo ndipo chini ya bahari. CHINI YAKE! Na watu ndani! Hakuna hata dirisha la kuanikia soksi!

Chuma anazitaka. Mhandisi anazitaka. Wamekuwa marafiki, ndiyo taabu. Bwana Hazina peke yake bado anasita, Mungu ambariki. Nimemwekea biskuti za juu.

Wameondoka jioni. Nimebaki na brashi yangu. Nimeapa, ni kweli, lakini niliapa kuhusu meli. Hiki si meli. Meli haizami kwa makusudi.

Sasa kipo ndani ya mkebe wa sukari jikoni, chini kabisa. Kesho asubuhi watainama chini ya meza, watapapasa, hawatakiona. Watatafuta ukumbi mzima, hawatakiona! Hapo ndipo watakapokata tamaa nacho. Chombo ambacho hata wenyewe hawawezi kukiona, Bwana Hazina atakitolea fedha za nini?