Miaka Ishirini na Minane Nyuma

Jumatatu, 3 Juni

Barua za kustaafu zinatoka Ijumaa. Yangu imo. Natimiza sitini tarehe 19. Kwa miaka thelathini na minne nimeulisha mtambo mkuu wa kompyuta wa Idara ya Maji karatasi za barua hizo, na sikuwahi kumlilia mtu. Sasa unaniandikia mimi! Usaliti wa chuma.

La pili ni baya zaidi. Alhamisi mtambo wenyewe unazimwa. Meneja katangaza kikaoni: mfumo endeshi wote, uliokuwa unajaza chumba kizima, unahamia kwenye mashine pepe. Nikauliza hiyo mashine itakaa wapi. Mhandisi mpya, binti tunayemwita Miwani, akasema haikai popote. Ni programu tu ndani ya laptopu. Inajifanya mtambo, na mfumo wa zamani unaamini bado uko kwake. Watu wakacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Mchana Karani wa Utumishi kaja na futi kamba kupima chumba changu. Anataka kuweka makabati ya mafaili. Kapima mpaka pale nilipoketi. Nikamwambia mimi bado mzima. Akasema anajua, anapima tu.

Mke wangu asema nitapumzika. Nayajua mapumziko hayo: kukaa sebuleni nikiinua miguu ufagio upite. Sitaki! Lazima ipatikane njia.

Jumanne, 4 Juni

Njia imepatikana.

Miwani aliuamsha mfumo ndani ya laptopu. Ukaamka, ukauliza tarehe. Akaandika ya leo. Ukakataa. Akaandika tena. Ukakataa tena. Kumbukumbu za watumishi ni za sasa, ila nakala ya mfumo kaitoa kwenye kanda kongwe ya sumaku, na saa ya mfumo huo inaishia mwisho wa karne iliyopita. Binti akashika kichwa. Nikakohoa kikubwa. Nikampa ujanja wa sisi waendesha mitambo wa zamani: rudisha mwaka nyuma ishirini na minane, na siku za wiki zitalingana na tarehe sawasawa. Jumanne inabaki Jumanne. Akajaribu. Ukakubali! Akaniita mzee wangu, akasema tutatumia hivyo kwa muda, mpaka aurekebishe.

Sikumwambia kwamba kwa hesabu hiyo mimi mwezi huu natimiza miaka thelathini na miwili. Hakuuliza.

Idara hii ina sheria moja isiyoandikwa popote: ambalo halikutoka kwenye mtambo, halipo. Bila barua ya mtambo hakuna anayestaafu. Nimekata shauri kunyamaza.

Aibu ndogo. Mfumo uliandika kwenye skrini kwamba niweke kanda nambari 217. Nikatoka mbio hadi stoo, nikapanda ngazi, nikarudi nimeipakata, jasho linanitoka. Miwani akauliza kwa upole kama nadhani tutaipachika wapi. Siku hizi kanda ni faili. Akabonyeza mara moja, basi. Nikajitia naipangusa vumbi.

Alhamisi, 6 Juni

Umezimwa saa nne kasoro robo. Mimi ndiye niliyebonyeza. Feni zikapunguza mwendo moja baada ya nyingine, ya nyuma kushoto ikawa ya mwisho, kama kawaida yake. Miaka yote hiyo nimelalamikia kelele za chumba kile. Leo nimesikia saa yangu ya mkononi.

Hapakuwa na meza, kwa hiyo Miwani kaiweka laptopu juu ya mtambo uliozimwa. Nimeumia. Sina zaidi ya kuandika.

Ijumaa, 7 Juni

Ushindi! Barua zimetoka tatu na yangu haimo. Wote watatu walishastaafu zamani za kale. Karani wa Utumishi kazigeuza mbele na nyuma kulitafuta jina langu. Nikamwuliza kama amepotelewa na kitu.

Na hiyo ni rasharasha tu. Orodha ya zamu haina Meneja: hajaajiriwa bado. Haina Karani. Miwani ndiye mfumo umemkataa kabisa, tarehe yake ya kuzaliwa haijafika. Nikamkumbusha Karani ile sheria. Katoa macho, kakimbilia kwa Meneja. Meneja kasema haya ni majaribio, yatarekebishwa wiki ijayo, ila orodha ibandikwe hivyo hivyo kwa kuwa hakuna nyingine.

Ndipo nikaisoma mpaka chini. Chumba cha mtambo, zamu ya asubuhi: mimi na Taratibu.

Taratibu alikuwa mwenzangu wa zamu kwa miaka ishirini na minne. Jina tulimpa kwa sababu hakuwahi kukimbilia chochote, hata kengele ya moto. Alifariki miaka sita iliyopita. Tarehe ya kufa kwake imo kwenye kumbukumbu, ila kwa mfumo haijafika. Nilipaswa kumfuta. Kalamu nilikuwa nayo. Badala yake nikavuta kiti cha pili, nikakiweka karibu na laptopu.

Jumanne, 11 Juni

Balaa. Nimesahau jambo ambalo mimi, kati ya watu wote, sikupaswa kulisahau. Asiyesaini zamu mbili mfululizo, mfumo humwandikia barua ya utoro, na tarishi huipeleka nyumbani kwake. Taratibu hakusaini Ijumaa wala Jumatatu.

Saa tano mjane wake kaingia, barua mkononi. Shemeji yangu huyu. Inamtaka marehemu aeleze kwa maandishi kwa nini hakufika kazini. Nikaanza kuisukumizia lawama laptopu, kisha Miwani, kisha tarishi. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Hakufoka. Laiti angefoka. Kasema alipoona muhuri wa Idara alifurahi, akadhani hatimaye tumemkumbuka. Kasema, kumbe mashine ndiyo imemwulizia mume wangu, na wewe shemeji, uliyekaa naye bega kwa bega, miaka sita hujanibishia hodi hata siku moja.

Ni kweli. Nililia, tena mbele ya Karani. Nimemwahidi shemeji kwamba Jumamosi ya kwanza nikiwa huru nitaenda kwake. Kasema atawaita wanawe. Walikuwa wadogo, hawajui baba yao alikuwa mtu wa namna gani kazini. Ni mimi tu niliyebaki wa kuwaeleza.

Nikapiga moyo konde, nikaenda kwa Meneja kuungama. Kumbe umri wangu anaujua tangu zamani. Wote wanaujua. Kadi ya kuniaga imeshasainiwa tangu Mei.

Ijumaa, 14 Juni

Miwani kaurekebisha mfumo. Barua yangu imetoka ya kwanza: naondoka mwisho wa mwezi. Imeandikwa vizuri, pembe zimenyooka. Karani kanipa mkono, kaniomba radhi kwa ile futi kamba, halafu kaniuliza kama naweza kusogea kidogo.

Miwani kauliza ningependa zawadi gani. Nikasema nakala ya mfumo. Kaitia kwenye flashi. Chumba kizima, miaka thelathini na minne, vyote mfukoni mwa shati, na nafasi imebaki. Nimemshukuru. Nimemwambia nimejifunza mengi.

Jumamosi, 6 Julai

Nimeusimika mfumo kwenye laptopu ya mwanangu. Ulipouliza tarehe, niliandika bila kusita: nyuma miaka ishirini na minane. Ukakubali mara moja!

Mke wangu kaja mara tatu kuuliza kama nimevaa. Shemeji kapiga simu. Chai iko mezani, wanawe wote wamefika, hata yule anayeishi mbali, na wamenipangia kiti katikati. Nimemwonyesha mke wangu orodha ya zamu. Imetoka saa moja asubuhi, haina utata: chumba cha mtambo, mimi na Taratibu, mpaka jioni.

Kaisoma, kanitazama, kaenda kuchukua mkoba wake. Nimemwomba anifikishie salamu kwa shemeji na kwa watoto, awaambie niko kazini. Wataelewa. Siwezi kumwacha mwenzangu peke yake kwenye zamu.