Riba ya Mayai Tisini na Sita

Wananchi wote wa Nakuru na viunga vyake walijulishwa, kwa tangazo lenye mihuri minne, kwamba Kamati Maalumu ya Kukokotoa Fidia na Riba ilikuwa imeundwa, imeapishwa, na tayari imekunywa chai. Mwenyekiti alikuwa Bwana Ndegwa, mtumishi wa umma wa miaka ishirini na minane, mtu ambaye hakuwahi kufanya kwa saa moja kazi inayoweza kufanywa kwa vikao sita.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi. Kampuni fulani iliwauzia watu mia tatu na kumi na wawili mashine za kuangua vifaranga. Weka mayai tisini na sita, redio ilisema, utoe vifaranga tisini na sita. Watu waliweka mayai, na siku ya tatu wakatoa mayai tisini na sita ya kuchemsha. Jaji akaamua kwamba wamelaghaiwa. Kampuni ikaweka pesa kwenye akaunti ya kesi: walalamishi walipwe fidia na riba kutoka humo, na kitakachobaki kirudi kwa kampuni. Kamati ilipewa siku thelathini kusema nani apate ngapi.

Ndegwa aliona siku thelathini ni kuidharau hesabu. Akaomba miezi minane, akapewa.

Kikao cha tisa kilifanyika katika hoteli moja kule Elmenteita, ili wajumbe wapate utulivu wa kufikiri. Huko ndiko alikoitwa Nerima, fundi wa nguo kutoka Rhonda, aliyewawakilisha walalamishi wenzake. Nerima alikuwa amenunua mashine kwa mkopo wa chama cha akiba. Mayai yalipochemka, chama kikabeba cherehani yake, na ikifika Krismasi hajalipa, wangeiuza. Kila wiki alimweleza Ndegwa jambo hilo, na kila wiki Ndegwa alimhurumia kwa maandishi.

"Yale mayai, mama, mliyatupa?" Ndegwa aliuliza.

"Tutupe chakula na vile maisha imepanda? Tulikula, mzee. Mpaka saa hii watoto wangu wakiona yai wanatoka nje."

"Kwa hivyo mlinufaika. Tutakata thamani ya chakula." Akafikiri kidogo, maana alikuwa mtu wa haki. "Na chumvi ilikuwa ya nani?"

"Ya kwangu!"

Ndegwa alimgeukia Dalmas, karani wa kamati, aliyeandika kila kitu na kuhifadhi kila kitu. "Andika: chumvi irejeshwe."

Halafu wakaingia kwenye riba. Ndegwa alieleza kwa upole kwamba riba ingeanza siku ya hukumu, kwa sababu kabla ya hukumu mlalamishi hakuwa na uhakika kisheria kwamba ameibiwa.

"Mimi nilikuwa na uhakika siku ya tatu," Nerima alisema, "niliposikia harufu."

"Harufu si tarehe, mama."

Baada ya makato yote, kila mlalamishi alitarajiwa kupata nusu ya bei ya mashine, na riba ya shilingi mia nne na kumi. Nerima alitoka bila kuaga. Ndegwa alisikitika sana, kisha wakaletewa kuku wa kukaanga.

Sasa, mwezi wa tano wa vikao ukatokea unyama. Marupurupu ya wajumbe, ambayo pia yalitoka kwenye akaunti ile ya kesi, yalichelewa wiki tatu nzima! Ndegwa alishika kalamu kwa uchungu usio na mfano. Aliandika kwamba pesa ya mtu ikikawia inamuumiza tangu siku ile ya kwanza, awe na hukumu au asiwe nayo. Kwa hivyo itozwe riba tangu siku hiyo, na riba nayo izae riba kila Ijumaa. Akachora jedwali la kurasa kumi na moja, akaweka sahihi. Wajumbe wakalipwa. Dalmas akalitia jedwali hilo kwenye ripoti, kama Kiambatisho cha Saba, kwa ajili ya uwazi.

Siku ya ripoti, Ndegwa alifika kortini na suti mpya. Kulikuwa na minong'ono kwamba kamati ingefanywa ya kudumu.

"Walalamishi mna la kusema?" Jaji aliuliza.

Nerima alisimama. Krismasi ilikuwa wiki mbili tu mbele. "Mheshimiwa, ripoti ni kubwa na sisi hatujasoma sana. Lakini ile Kiambatisho ya Saba tumeielewa vizuri. Tunaomba tu tuhesabiwe kama mzee."

Jaji alifunua, akasoma kurasa zote kumi na moja bila haraka. "Bwana Ndegwa, hesabu hii ni sahihi?"

Angesema si sahihi, riba ya marupurupu yake ingekuwa wizi. Isitoshe, alikuwa ameichora mwenyewe, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza juu yake.

"Sahihi kabisa, Mheshimiwa. Haina mfano nchini."

"Basi itumike kwa wote."

Ikatumika. Iliwalipa walalamishi vizuri, ikamaliza akaunti yote mpaka wakili wa kampuni akafunga mkoba, na bado pesa hazikutosha: kilichopungua kilikuwa kiasi kilekile kilichochukuliwa na kamati. Jaji akaamuru wajumbe wazirudishe, pamoja na riba, kwa jedwali hilohilo, tangu shilingi ya kwanza ilipotoka.

Jioni hiyo wajumbe kumi na wanne waliapa, mmoja baada ya mwingine, kwamba hawakuwahi kuhudhuria kikao chochote. Dalmas alileta daftari la sahihi zao, lote.

Nerima alirudishiwa cherehani yake siku nne kabla ya Krismasi. Ndegwa naye hupeleka malipo yake kortini kila Ijumaa, saa mbili kamili asubuhi, kabla milango haijafunguliwa. Hajachelewa hata mara moja. Jedwali lile hakuna anayelijua kumshinda.