Samaki Wanne wa Mama

Jamani, mimi leo sina uso. Ule niliokuwa nao nimeuacha darasani, mbele ya watu wa mataifa yote, na sidhani kama nitaurudia.

Niwaeleze taratibu. Kwa wasionijua, mimi ni Mwanamisi, mzaliwa wa Msambweni, na huu ni mwaka wangu wa kwanza chuoni huku Uchina. Nimekuja kusomea uhandisi wa bandari, lakini kabla hujaigusa hiyo bandari wanakutia kwanza mwaka mzima wa Kichina. Na mji walionileta hauna bahari. (Ndiyo. Bandari, nchi kavu. Msiniulize mimi.) Kuna ziwa la chuo tu, nalo msimu huu limeganda, watu wanatembea juu yake kama uwanja wa mpira.

Leo ilikuwa zamu yangu ya mtihani wa kuzungumza. Unasimama mbele, unaonyesha picha kwenye skrini kubwa, unaeleza habari za kwenu. Ukifeli, unarudia muhula. Mwalimu wetu ni Mwalimu Lin, mama wa makamo, mpole kwa kila kitu isipokuwa matamshi. Kwa matamshi hana huruma. Maana Kichina, neno moja ukilipandisha lina maana yake, ukilishusha lina nyingine. Unaweza kumwamkia mzee wa watu kumbe umemtukania ukoo.

Basi nimejifua wiki nzima. Mwenzangu wa chumbani, Subira, Mtanzania wa Tanga, ameisikia hotuba yangu mpaka akawa anaisema usingizini.

Nikavaa dera. Juu ya dera, koti la baridi. Juu ya koti nikajifunga leso, ili wajue nimetoka pwani. (Nilifanana na godoro linalosafirishwa.) Nikaiunganisha simu yangu na skrini na vipaza sauti vya darasa, nikapiga bismillahi, nikaanza.

"Kwetu ni Msambweni," nikasema kwa Kichina.

Picha ya kwanza, ufuo. Darasa zima likasema "Waaa!" Picha ya pili, nyumba yetu, na nyanya yangu kibarazani. Mwalimu Lin akaitikia kwa kichwa. Mambo yananyooka! Picha ya tatu ilikuwa jiko letu la nyuma.

Hapo ndipo ujumbe ulipoingia.

Ulikuwa wa mama, wa sauti, kwenye ile programu ya Kichina ambayo kaka yangu Hamisi alimwekea kwenye simu. Huku ni alasiri, lakini kule ni asubuhi bado, wakati wa kuanza kuandaa cha mchana. Ujumbe ukashuka ukaziba picha. Nikataka kuusukuma pembeni kwa kidole gumba. Kidole kilikuwa kimekufa ganzi kwa baridi. Badala ya kuusukuma, kikaufungua.

Vile vipaza sauti si vya mchezo.

"MWANAMISI, MWANANGU! HUJAMBO? UMEKULA?"

Watu wakaruka vitini. Subira, kule nyuma, akaziba mdomo kwa mkono.

"Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Leo Hamisi katuletea samaki, changu wanne, wanono hao, ungewaona! Nataka niwapake tui. Nazi naikuna sasa hivi, isikilize mwenyewe."

Akaisogeza simu kwenye mbuzi ya kukunia. Kwaru, kwaru, kwaru.

Ningezima. Kidole kilikuwa pale pale. Lakini wenzangu, sijaisikia nazi ikikunwa tangu nitoke nyumbani. Huku tui liko ndani ya kopo, kimya. Sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kuitamani kelele. Nikasimama mbele ya darasa na mtihani wangu mkononi, nasikiliza. Na nyuma ya kile kishindo cha mbuzi kulikuwa na jogoo, na nyanya anakohoa, na mtu anapita njiani anatoa salamu, na mama anamwitikia bila kuacha kukuna.

Kisha mama akapaza sauti, kama apazavyo siku zote akiwa jikoni:

"Mwanamisi! Hebu niletee hicho kifumbu hapo ukutani, nichuje!"

Nami nikaitika.

Wallahi sikukusudia. "Abee mama!" nikasema, kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, na mguu nikauinua, nikapiga hatua kuelekea mlangoni. (Kwenda wapi? Msambweni?)

Kwenye simu pakawa kimya. Mbuzi ikanyamaza. Halafu mama akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyejikwaa akatazama huku na huku kama kuna aliyemwona.

"Lo! Nimekuita kama uko hapa. Haya, nitakifuata mwenyewe."

Ujumbe ukakatika. Na mimi nikakatika.

Hayakuwa machozi ya kufuta kwa ncha ya leso. Kilikuwa kilio chenye kwikwi, cha mtoto aliyeachwa sokoni. Mwalimu Lin akaja mbio.

"Kuna nini? Huyo ni nani?"

Nikataka kumwambia hakuna neno, mwalimu, ni mama tu, amepata samaki wanne. Sasa sikilizeni vizuri. Mama kwa Kichina ni "mama", neno lile lile letu. Nne ni "si", unaishusha ghafla kama mtu anayepasua kuni. Lakini hiyo hiyo "si" ukiizamisha kisha ukaiinua, maana yake ni kufa.

"Mama..." nikasema. "Mama... si..."

Kwikwi ikaizamisha. Kwikwi ikaiinua. Na samaki wakanikwama kooni.

Mwalimu Lin akashika kifua. Mvulana mmoja wa Mongolia akavua kofia. Msichana wa Laos, ambaye hajawahi hata kunisalimia, akaja akanikumbatia. Mwalimu Lin akaligeukia darasa, macho yamemlowa, akasema polepole kwa yale maneno mepesi aliyotufundisha, ili kila mtu aelewe:

"Mama yake amefariki. Sasa hivi. Tusimame."

Wakasimama wote. Vichwa chini, mikono ubavuni.

Nilijaribu, jamani! "Hapana, hapana! Samaki!" nikalia. "Samaki!" Mwalimu Lin akazidi kunipapasa mgongo. (Baadaye nilikuja kujua alidhani mama amezama baharini.)

Nikamtazama Subira anikomboe, maana ni yeye peke yake aliyeelewa kila neno la mama. Subira alikuwa ameangusha kichwa mezani, mabega yanatetemeka. Anacheka mpaka pumzi zimemwishia. Wasichana wawili walikuwa wanampa pole na yeye.

Basi kimya kikatanda, kimya cha msiba hasa. Sasa, ile programu ina tabia moja: ukishasikiliza ujumbe mmoja, ukiwepo mwingine unajifungua wenyewe. Na mama yangu hajawahi kutuma mmoja.

"NA JAMBO JINGINE, MWANAMISI! Huyo mchumba wa Kichina umempata ama bado? Usituletee mtu asiyejua kula kwa mkono, utamsumbua nyanya yako!" Kisha akaangua kicheko chake kile kikubwa, cha kufukuza kuku.

Hakuna aliyeinua kichwa. Walidhani ni sauti ya marehemu, kumbukumbu ya mwisho aliyoniachia. Msichana wa Laos akalia kwa sauti. Mwalimu Lin akavua miwani akaifuta.

Nikasema moyoni, ya Rabbi, nisitiri.

Simu ikaita.

Skrini nzima ikajaa picha ya mama, amejitanda leso, mwiko mkononi, anacheka mpaka pengo linaonekana. Na juu ya picha jina lake, ambalo mimi mwenyewe nililiandika kwa herufi za Kichina ili nijizoeze kusoma. Kubwa. La kusomwa na kila mtu mle ndani: MAMA.

Marehemu alikuwa anapiga simu.

Mvulana wa Mongolia akarudi nyuma akaangusha kiti. Mtu mwingine akapiga ukelele. Mwalimu Lin akanitazama, akaitazama skrini, akanitazama tena.

"Pokea," akanong'ona.

Nikapokea. Akatokea mama, mzima, mkubwa kuliko ubao, moshi wa jiko unampitia nyuma.

"Wewe, mbona hujibu..." Akausogeza uso kwenye simu mpaka tukabaki tunaona paji tu. "Mwanamisi. Hao watu mbona wamesimama hivyo? Nani kafa?"

"Wewe, mama," nikasema.

"Mimi?"

"Wewe."

Akafikiri kidogo. "Nimekufa na nini?"

Hapo ndipo Subira alipopata pumzi. Akasimama, akaeleza kwa Kichina chake, ambacho ni bora kuliko changu, kwamba mama yu hai, kwamba hao ni samaki wanne tu, na kwamba mwenzao alikuwa analilia kwao. Nikangojea kufukuzwa. Kisha Mwalimu Lin akaanza kucheka, ameshikilia meza asianguke, na darasa zima likamfuata. Mama hakujua kinachochekwa, lakini si mtu wa kukubali kuachwa nyuma. Akacheka nao, akamwinua changu mmoja kwa mkia ili wamwone.

"NIHAO, MWALIMU!" akapaza sauti, kama kwamba Uchina ni ng'ambo ya mto. Ndilo neno lake pekee la Kichina, la kusalimia. Yaliyobaki akamalizia kwa Kiswahili. "Mwanangu anakula huko? Niambie kweli, usinifiche!"

"Anauliza kama ninakula," nikafasiri, natamani sakafu ipasuke.

Mwalimu Lin akaacha kucheka. Akaisogelea simu, akainamisha kichwa kwa heshima. "Mwambie unakula kidogo mno. Mwambie na mimi nina binti aliye mbali. Nitakuangalia."

"Kasemaje?" mama akauliza.

"Anasema ninakula vizuri sana, mama."

"Uongo," akasema mama. "Uso wote umebaki macho."

Lakini Mwalimu Lin ni mwalimu kwanza. Akaniamuru niirudie sentensi yangu pale pale: mama amepata samaki wanne.

"Si," nikasema.

"Hapana. Umemuua."

"Si."

"Umemuua tena."

Darasa likaingilia kati kunisaidia, wote kwa pamoja, "Si! Si!", na mama naye kule jikoni, bila kuombwa, akawa anaitikia "Si! Si!" huku anakata hewa kwa mwiko. Mtandao ukamkatisha akiwa mdomo wazi.

Skrini ikarudi kwenye picha ya tatu. Jiko letu, halina mtu, kama lilivyokuwa asubuhi niliyolipiga picha, mabegi yangu yakiwa yameshatolewa nje. Nikaitazama. Na wale waliokuwa wanacheka nao wakaitazama. Kisha Mwalimu Lin akaizima taa ya skrini.

Nimefaulu, kwa kuponea chupuchupu. Pembeni ya alama ameniandikia: "Hisia, kamili. Matamshi, hatari."

Mngedhani yameishia hapo. Hayakuishia. Habari ya msiba ilishuka ngazi mapema kuliko habari ya kufufuka. Jioni nilipokwenda na Subira kwenye ukumbi wa chakula, yule mama anayepakua, ambaye siku zote hunipimia wali kama dawa, aliponiona akaweka upawa chini. Akaupitisha mkono juu ya kaunta, akanishika wangu. Mkono wake ulikuwa wa moto kwa mvuke. Kisha akaniwekea samaki mzima juu ya wali, kichwa mpaka mkia, ambaye sikumwomba.

"Kula," akasema. "Kula, mwanangu."

Subira akaninong'oneza, "Mwambie mamako yu hai."

"Nitamwambia," nikasema. "Nikimaliza."

(Nilimwambia, nisilaumiwe. Nilirudisha sahani tupu, nikamweleza yote. Akanichapa kwa kitambaa cha kufutia meza, kisha akaniongeza wali.)

Samaki mwenyewe alikuwa wa sukari na siki, tui halijui hata kwa jina. Nimemla mpaka miba. Sikuvua koti wala leso mpaka nilipomaliza.

Haya, chekeni, nimewaruhusu. Ila yeyote kati yenu atakayepita karibu na kwetu wiki hii apige hodi, aingie, akae kidogo na mama jikoni. Asiseme nimemtuma.