Gari Linalosikia Baridi

Lyle Pettibone aliingia Kalyna, kijimji cha tambarare za Saskatchewan, Kanada, jioni moja ya Machi, baridi ya kukata masikio, na kabla hajazima injini akauona utajiri wake umepangwa ukutani. Mbele ya nyumba ya wageni yalisimama magari tisa, kila moja limetoa waya puani na kuuchomeka kwenye soketi, kama ng'ombe waliofungwa horini. Mwenye nyumba ile, Verna Hrynkiw, mama wa miaka sabini na ushei, alimweleza kwamba huku injini isipopashwa moto kwa umeme usiku kucha, asubuhi haiamki. Akamwonyesha soketi namba kumi, bure.

Lyle nusura ambusu mkono.

Nyuma ya gari lake alibeba mota iliyosukwa kwa waya mwekundu wa shaba na mwingine mweupe, milia milia, inapendeza kuitazama. Kwa maneno yake, mota ile ilitoa umeme mwingi kuliko ilioula. Ukiizungusha mara moja kwa mkono, ilikuwa inawasha taa kumi na birika la kahawa tangu asubuhi hadi jioni, bila kuunganishwa popote. Ukweli ulilala chini ya sakafu ya gari: betri ishirini na nne, zikishiba usiku na kufanya kazi mchana. Majimbo saba yalishamfukuza, na yote kwa sababu ya waya wa kuchajia ulioonwa na mtu asiye na shughuli zake. Sasa mji mzima unamsihi achomeke.

Kalyna nayo ilikuwa na shida. Mota inayogandisha barafu ya uwanja wa hoki iliungua Januari. Barafu ikageuka bwawa, watoto wakawa wanabebwa mwendo wa saa nzima kwenda kuchezea kwa majirani, na wazee waliozoea kukaa pale kuwatukana waamuzi wakabaki nyumbani kugombana na televisheni. Kamati ya uwanja, chini ya Verna, ilikuwa na akiba ya miaka kumi na moja ya karamu za pirogi, yale maandazi ya kuchemshwa yenye viazi ndani. Lakini paa nalo lilivuja. Wakinunua mota mpya, paa litaanguka. Wakitengeneza paa, hakuna barafu. Ikifika Oktoba bila vyote viwili, uwanja utafungwa moja kwa moja.

Lyle aliifungua milango ya gari Jumamosi, kamati nzima ikiwa imesimama kwenye theluji.

“Mota zote duniani zimesukwa na wavivu,” aliwaambia. “Waya unakwenda upande mmoja, basi. Wangu unakwenda na kurudi. Umeme unaotoka unakutana na unaorudi, wanazaana.”

“Bila ndoa?” aliuliza Orest Bodnar, mkulima mzee ambaye kazi yake kwenye kamati haikujulikana na mtu.

“Bila hata kujuana, mzee wangu.”

Walinywa kahawa ya birika lile wakaisifu. Lyle akaahidi kuisuka upya mota iliyoungua kwa mtindo wake, uwanja usilipie umeme tena, na ziada wawauzie wengine. Verna akasema hundi ya akiba yote itatolewa siku mota itakapozunguka mbele ya kamati. Ilihitaji sahihi mbili tu, yake na ya mweka hazina.

Mpango wa Lyle ulikuwa safi kabisa. Ujanani alikaa miaka kumi na minne kwenye karakana ya mjomba wake huko Tucson, Arizona, nchi ya jua, akisuka mota kihalali, hadi uhalali ulipomchosha. Angeisuka hii kawaida, kama fundi yeyote. Ingezunguka, kwa sababu mota iliyosukwa vizuri huzunguka. Kabla ankara ya kwanza ya umeme haijawafumbua macho, yeye angekuwa mbali. Ili waamini kwamba waya ni wa siri, aliununua mwenyewe, kwa fedha yake, na akakataa kuonyesha risiti. Ubahili kwenye jambo kama hili, alijiambia, ni dalili ya tapeli.

Akaanza kazi kwenye karakana ya uwanja. Akaichoma mota kutoa varnishi iliyokauka, akang'oa shaba iliyoungua, akahesabu mizunguko ya kila koili na kuiandika mkononi. Orest alikuja kila siku na kiti chake, akidai macho yake hayaoni karibu, hivyo siri haiwezi kuibwa. Koplo mrefu wa polisi alipita mara moja moja na gari lake, na Lyle akampungia kwa adabu zote.

Aprili katikati jua likaja kwa ghafla. Theluji ikaondoka, barabara zikawa matope. Asubuhi moja Lyle alimkuta Verna amesimama kibarazani na kikombe, anatazama magari.

“Gari lako bado linasikia baridi?” akamuuliza.

“Limezaliwa Arizona, mama. Likipigwa na upepo kidogo tu, linakohoa.”

Verna akacheka, akasema kweli, yapo magari dhaifu. Mchana ule akampelekea Lyle pirogi kwenye karakana, akaitazama ile mota iliyolala tupu, imetolewa matumbo yote, kisha akamwomba asiache kula.

Tangu hapo chakula kikawa kingi na mweka hazina akawa hapatikani. Yuko shambani, aliambiwa, anapanda. Lyle alipouliza tena wiki iliyofuata, bado alikuwa anapanda. Hayo hayakumsumbua sana, kwani jambo la aibu lilikuwa limempata: kazi ilimnogea. Koili moja ilikaa upande, akaifumua na kuisuka tena, ingawa hakuna ambaye angejua. Varnishi waliikausha kwa mashine ya Orest ya kukaushia nafaka. Mwishoni mwa Mei mota ikawashwa, ikanguruma taratibu bila kutetemeka, na bomba la kwanza likaota ukungu mweupe wa baridi. Orest akafuta macho yake yasiyoona karibu.

Verna akatia sahihi hundi pale pale. Kisha mlango ukafunguka, akaingia yule koplo mrefu, amevaa sare, kalamu mkononi.

“Huyu ni Dale Fehr, mweka hazina wetu,” alisema Verna.

“Si mlisema anapanda?” Lyle aliuliza, na sauti yake ilikuwa imepungua.

“Nina matuta matatu ya viazi nyuma ya kituo,” alisema koplo. “Matatu ni matatu, bwana. Yanachukua muda.” Akaiweka kalamu juu ya hundi bila kuandika. “Kitu kimoja tu. Hapa Kalyna mtu anachomoa gari theluji ikiisha. Lako limechomekwa hadi juzi, jua likiwaka. Kwa hiyo nisaidie. Hii hundi ni ya mota inayozaa umeme, au ya mota iliyosukwa upya? Kama ni ya kwanza natia sahihi, halafu itabidi twende wote kituoni. Kama ni ya pili, mama hapa anasema umekula na kulala miezi miwili na nusu bure, na sisi tunakushukuru sana.”

Lyle aliweka kiganja juu ya mota iliyokuwa ikinguruma.

“Imesukwa upya tu,” alisema Lyle.

“Na imesukwa vizuri,” alisema Verna, akiichana hundi polepole. “Akiba inakwenda kwenye paa.”

Wakamfungia pirogi za safari kwenye ndoo. Akaondoka bila hundi, bila fedha yake ya waya, na moyoni akiwa na hasira ambayo kila alipoitafuta hakuiona vizuri.

Januari iliyofuata, simu ya mkononi ya nyumba ya wageni iliita. Sauti ya mbali, iliyojaribu kujifanya ya mtu mwingine, ikauliza kama ile mota ya uwanjani inapata moto kupita kiasi, maana beringi za nyuma zinataka grisi kila mwezi. Verna hakujibu. Alivaa koti, akavuka barabara hadi uwanjani na simu mkononi, akapita watoto waliokuwa wakigombea kisahani cha hoki kwenye barafu, akaisogeza simu kwenye mota.

Lyle alisikiliza hadi Verna akaanza kusikia ganzi vidoleni.

“Umesikia?” alimuuliza.

“Nimesikia, mama.”

“Haya. Na gari lako, bado linasikia baridi?”

Simu ikakatika.