Upepo Kwenye Figo za Ljubinka

Jumatatu, 3 Juni
Mwanangu Ljubinka ana mtihani wa vitendo Ijumaa, hapa hapa kitivo cha kemia ninapofagia. Akipata chini ya nane kwa kumi, ufadhili wa masomo kwaheri. Wanafunzi kumi na wanane, mashine moja. Unaipa tone, inalinusa, inachora milima kwenye kompyuta. Sawa. Lakini kiyoyozi! Kinampuliza mgongoni kila anayekaa pale. Upepo kwenye figo! Mwanangu atakuja kuzaaje?

Jumanne
Nimemwomba Miodrag, fundi wa maabara, akizime. Akasema mashine inataka baridi, ikipata joto inasusa. Nikamwambia mashine haina figo, mwanangu anazo. Akacheka mpaka akakohoa. Si nimesema? Kiyoyozi hicho!

Jumatano
Nimempelekea Miodrag sufuria nzima ya sarma, kabeji na nyama ndani. Kumbe Persida, mfagizi mwenzangu, kanitangulia na mkate wa jibini. Mpwa wake Vukašin naye yumo mtihanini. Miodrag kala vyote, hakuzima kitu. Persida akanikejeli: "Shoga, kwa kabeji hiyo hata paka humhongi." Nyoka!

Alhamisi
Watu wa maabara walipoondoka nikapanda kiti. Nikazima kiyoyozi, nikaziba matundu yake kwa nusu ya taulo langu la maua. Kugeuka, naona nyuma ya mashine kuna feni. Nayo inapuliza! Nusu ya pili ikaishia hapo. Chumba kikawa na joto tamu kama blanketi.

Ijumaa
Balaa! Mashine imezimika, haiwaki. Miodrag kainua taulo mbele ya darasa zima, kauliza la nani. Ljubinka analijua, analiogea tangu utotoni. Akalia. Akanigeukia pale mlangoni na ufagio wangu, akasema, "Mama, umenimaliza." Nikatamani ardhi inimeze.

Profesa akaamua wote wapime kwa mkono, kwa mirija ya kioo ya zamani, tone kwa tone. Vukašin anajua kubonyeza tu. Kapata tano, kafeli. Ljubinka wangu ana mkono mtulivu: tisa! Ufadhili umebaki.

Hasemi nami bado. Lakini supu kamaliza.

Jumamosi
Miodrag kapiga simu. Mashine nyingine inakuja muhula ujao, na mimi nisikanyage chumba kile. Nikamuuliza kwa upole ina feni ngapi. Akakata. Persida kasikia ni tatu.

Tatu! Maskini mgongo wa mwanangu.

Nimeanza kumfumia mshipi wa sufu wa kufunika figo.