Kobe Chini ya Karai

Jumatatu, 9 Machi

Enoka ametoka kutema jongoo. Mzima! Miguu yote! Mtoto wa mwaka na nusu, nimegeuka dakika moja nipalilie mihogo, kurudisha macho namwona anatafuna. Nimepiga ukelele mpaka mbuzi wa jirani wamekata kamba. Nikamsuuza mdomo, nikambusu, nikalia kidogo. Yeye anacheka. Halafu akaniletea mwingine. Zawadi.

Lakini jongoo huyo amenipa akili. Jana baada ya ibada Bwana Onesmo, afisa ugani wetu, alitangaza kwamba Jumamosi atachagua mama mmoja hapa kijijini aende Musoma wiki mbili, kusomea wadudu, wanyama na mimea ya shambani. Anarudi na cheti. Cheti! Mimi niliishia kidato cha pili, cheti changu ni cha ubatizo tu. Kila mama alete vitu kumi kutoka shamba lao, kila kimoja na jina lake. Kimoja ninacho tayari. Kina mate ya Enoka.

Jumanne, 10 Machi

Vitu sita. Majina mawili.

Mama Wanzagi, mke wa shemeji yangu, tunaishi naye ua mmoja. Ana vitu kumi na nne na majina yote, hata la magugu ya nyuma ya choo! Eti alikuwaga anachunga ng'ombe na baba yake. Mimi nimekulia Manyamanyama, Bunda mjini, ubavuni mwa mashine ya kusaga. Mnyama niliyemjua ni panya.

Nikamwomba orodha yake nimsaidie mwandiko. Akanijibu, mwenzangu, mwandiko wangu haujawahi kulalamika.

Jumatano, 11 Machi

Mbinu mpya: sauti ya uhakika. Ukisema jina bila kusita, nani atabisha?

Nikamwonyesha mama mkwe jani, nikatamka kwamba huo ni mchicha pori. Akaniuliza kwa upole kama nimeupika. Nikasema upo jikoni, mtamu. Jamani! Yule mama ana goti bovu, lakini alifika jikoni kabla yangu. Kamwaga sufuria nzima. Kumbe majani yale hata mbuzi huyazunguka. Nimeshtuka. Mume wangu Lukas ameshtuka zaidi, alikuwa ameshaonja mchuzi. Hajaumwa. Ila ananiangalia.

Alhamisi, 12 Machi

Mungu yupo! Kwenye majabali mwisho wa shamba nimeokota kobe. Mkubwa kama sufuria ya ugali! Na jina lake nalijua bila kuuliza mtu. Mama Wanzagi hana kobe.

Nimemwandika namba kumi mgongoni kwa rangi ya kucha, nyekundu, isomeke hata kwa mbali. Nimemfunika na karai uani, jiwe juu. Enoka anagonga karai, anasema hodi.

Ijumaa, 13 Machi

Naandika nimejificha jikoni.

Mama mkwe kachukua karai afulie. Sisikii maji. Nachungulia, namwona amepiga magoti, anamsalimia kobe! Salamu ndefu, mara tatu, na kumuuliza hali ya nyumbani. Mimi ananiamkiaga kwa kikohozi. Baba mkwe, mzee Kasmiri, akaja, akavua kofia. Halafu wote wawili wakaisoma ile namba.

Kobe ndiye mwiko wa ukoo wa mume wangu. Hashikwi, hafungiwi, haandikwi. Ni babu! Eti niliambiwa siku ya harusi. Siku ya harusi viatu vilinibana, ningesikia nini? Kwetu mwiko wetu ni pundamilia, na pundamilia haingiagi chini ya karai.

Hukumu: hakuna kugusa jembe nyumba nzima mpaka babu arudi kwake. Mimi nimbebe mgongoni kwa kanga mpya, na njiani nisimjibu mtu. Kesho asubuhi. Saa ileile ya Bwana Onesmo! Nikaomba iwe Jumapili. Mama mkwe akauliza, unataka babu akusubiri? Mama Wanzagi alijifunika uso kwa kanga, mabega yanacheka.

Rangi nimesugua kwa limao. Imezidi kung'aa.

Jumamosi, 14 Machi

Nimembeba. Enoka nyuma yangu analia njia nzima kwamba mgongo ni wake. Moyo uliniuma, ningembebaje na babu yupo?

Kabla ya majabali, pikipiki. Bwana Onesmo! Akauliza, Mama Enoka, mbona unaupa mkutano kisogo? Nikabana midomo. Akauliza mtoto mgongoni ni wa nani, maana wangu anamwona yuko chini. Nikabana zaidi. Kobe akatoa kichwa.

Bwana Onesmo akavua helmeti taratibu, akainama, akaanza zile salamu ndefu. Na yeye ni wa ukoo huohuo! Alipofika kwenye namba kumi, akaniangalia kama Lukas.

Nilipofika mkutanoni walikuwa wanampigia makofi Mama Wanzagi.

Jumapili, 15 Machi

Nimelia mpaka mchana. Halafu habari njema! Mama aliyechaguliwa kijiji cha pili amekaribia kujifungua, nafasi yake ya Musoma iko wazi. Bwana Onesmo amesema atakayeleta kesho kiumbe ambacho hakuna aliyekileta, kwa jina sahihi, ndiye atakayekwenda. Akaongeza, huku ananitazama mimi, kwamba tuulize wazee kwanza.

Ninacho! Kifaranga kimeanguka kutoka darini kanisani. Mwewe huyo, hakuna ubishi. Manyoya meupe, uso bapa kama sahani, macho mawili makubwa mbele kama ya mtu, shingo inazunguka mpaka mgongoni. Mwewe wa ajabu sana! Mwanga hakitaki, kwa hiyo nimekiweka chini ya kitanda cha mama mkwe, ndiko kwenye giza. Kuuliza wazee kunachelewesha tu. Jina nimeshaliandika kwa kalamu ya wino, na hiki cheti safari hii nitakitundika pale ukutani juu ya

Mama mkwe ananiita kutoka chumbani kwake, sauti haina hata maneno, na mzee Kasmiri anapita mbio na fimbo, sijui wameona ni