Uyoga wa Kumpelekea Mama Mwasiti

Jumatatu, 3 Novemba
Jamali agronomu, mtaalamu wa kilimo, amempelekea Mama Mwasiti kikapu cha uyoga. Mama kalamba vidole! Ijumaa baada ya sala atasema bintiye Warda aolewe na nani, Jamali au mimi. Nimenunua uyoga sokoni, nikaukatakata vikonyo na kuvipanda mshazari kama mihogo, kwenye rundo la makapi ya mawese nyuma ya nyumba. Juani kabisa. Niliyelima mihogo Bugarama nishindwe na uyoga?

Jumanne, 4 Novemba
Vikonyo vimenyauka. Jamali kapita. Nikamwambia nazika panya. Akanieleza, bila kuombwa, kwamba uyoga si mmea wala hauli jua. Mwili wake ni nyuzi nyeupe zilizojificha ndani ya makapi, zinayeyusha chakula kwanza ndipo zinakinyonya. Tunachokula sisi ni tunda tu, na mbegu zake ni vumbi.
Mjuaji! Ila nilikaa ufukweni mwa ziwa mpaka jua likazama upande wa Kongo, nikiziwaza nyuzi hizo zikipita polepole chini ya mchanga, chini ya soko, hadi kizingitini kwa Warda. Nikasahau kula.

Alhamisi, 6 Novemba
Jana nilifunika rundo kwa blanketi langu. Leo kuna kitu cha manjano, laini. Asubuhi kilikuwa kwenye gogo bovu kando ya rundo, jioni kimefika kwenye blanketi. Uyoga unaotembea! Jamali anasema huo si uyoga, unafanana nao tu, ni kiumbe kingine kinachotambaa kikila vijidudu. Wivu huo. Nimeuweka kwenye sinia, nikaufunika kwa kitenge.

Ijumaa, 7 Novemba
Baada ya sala, nyumbani kwa Mama Mwasiti, nilifunua sinia mbele ya wageni wote. Manjano yameisha, limebaki gamba. Nikaligusa. Likapasuka, vumbi jeusi likatua juu ya wali na kanzu ya mjomba wa Warda. Mama Mwasiti akauliza, "Iko nini hii, Nuhu?"
Warda alinisindikiza hadi mlangoni. Akaniambia kwa upole kwamba walikuwa wameshanichagua mimi. Sasa Mama ameahirisha hadi baada ya Ramadhani. Tena Warda mwenyewe hali uyoga. Niliumia sana.

Jumamosi, 8 Novemba
Jamali, asiyejua kunyamaza, kasema hamira nayo ni jamii ya uyoga: iko hai, inakula sukari, inatoa hewa, unga unaumuka. Mama anapenda maandazi! Pakiti inasema kijiko kimoja. Hicho ni cha watu wasiopenda. Nimekanda unga na sukari kwenye sufuria, nikamimina pakiti zote, nikafunga mfuniko kwa kamba na kumpelekea Mama sufuria, nikamwomba aiweke karibu na jiko.